Siku Niliyoshindwa Kusimama Mbele ya Wakwe

Wenzangu mliofika arobaini na kitu, na nyinyi wasichana ambao mama zenu wamefika huko, someni hii halafu mwende mkapimwe. Siandiki kwa kujifurahisha.

Kazi yangu ni kupiga pasi kwa dobi. Kwa hiyo joto lilipoanza kunipanda kifuani mpaka utosini, nililisingizia pasi. Nikifika nyumbani nalo lipo, nikasingizia bati. Usiku nageuza mto upande wa pili, na wa pili nao umelowa. "Wee mama, umemeza jiko?" wenzangu kazini walikuwa wananitania, nami nacheka nao. Usingizi ukanikimbia. Zikaja hasira, hasira zisizo na mwenyewe. Siku moja nilimfokea mchumba wa binti yangu pale mlangoni kwa sababu ya viatu tu, eti kavivua vibaya. Kijana akaondoka hata maji hajanywa. Binti yangu akaninunia wiki nzima.

Halafu hedhi ikakata. Miezi minne, kimya. Nikamwambia wifi yangu, "Mwenzio nimestaafu." Akasema, "Hongera, na kiinua mgongo atakulipa nani?" Tukacheka mpaka tukashikana mikono. Pedi zilizobaki kabatini nikampa binti yangu. Msifanye hivyo. Tunadhani ikikata imekata, kama bomba lililofungwa. Na zahanati nilikuwa naipita kila asubuhi nikienda kazini, siingii. Nikaseme nini? Naumwa uzee?

Ikafika Jumamosi ya posa. Makochi yetu yamechanika, tukakodi mengine, ya rangi ya maziwa. Gauni langu nalo la rangi hiyo hiyo. Binti yangu ndiye alichagua kitambaa. Wakwe walipofika, mimi nikakalishwa katikati, kulia mama wa kijana, kushoto shangazi yake, wote wawili watu wa miili. Wanaume wakajipanga mbele yetu, migongo yao kwenye pazia la chumbani.

Mshenga alikuwa ndiyo kwanza anajisafisha koo kusema wameona ua katika bustani hii, nikahisi kitu. Si tone. Kilishuka kama ndoo iliyopinduliwa. Nikabana miguu. Kubana kunasaidia nini? Nikahisi gauni limelowa, kisha kochi. Na joto nalo, lisivyo na haya, likachagua saa hiyo hiyo.

"Mkwe, mbona jasho hivyo?" mama wa kijana akaninong'oneza. "Tumekutisha?"

"Furaha tu, mkwe."

Nikamtafuta wifi kwa macho. Yuko jikoni, namsikia anavyogombana na sufuria. Pazia la chumbani naliona linapepea, na kulifikia nipite katikati ya magoti ya wanaume wote wale, wa kwetu na wa kwao. Nikasema moyoni nitakaa hapa mpaka wageni waondoke. Hata mpaka usiku nitakaa.

Hapo ndipo bibi wa kijana akaingia. Alikuwa amechelewa kwa sababu ya miguu, kaja anashikwa mkono, na ndiye mkubwa wa ukoo wao. Sebule nzima ikasimama. Hata baba watoto mwenye goti bovu akasimama. Nikabaki mimi.

"Na huyu aliyekaa ni nani?" bibi akauliza.

"Ndiye mama wa binti," mshenga akajibu, sauti imepungua.

"Ahaa. Basi sisi tusimame, yeye akae."

"Shikamoo mama," nikasema, niko pale pale kochini.

Hakuitikia. Wote tulisubiri marahaba, haikuja.

"Mama watoto," mume wangu akasema kwa meno, "simama usalimie."

Nikatikisa kichwa. Mshenga akakohoa. "Labda tumekosea nyumba," akasema, na mtu mmoja upande wao akaanza kutafuta funguo za gari mfukoni.

Binti yangu alikuwa ameshika sinia la soda. Akaliweka mezani, akapiga magoti mbele yangu, machozi yameshamjaa. "Mama, kama humtaki, sema. Usiniadhiri mbele za watu."

"Si hivyo, mwanangu."

"Tangu siku ile ya viatu najua humtaki."

Alisema taratibu, lakini nyumba ilikuwa kimya, kila mtu alisikia. Nikinyamaza, posa inakufa na mwanangu ataamini maisha yake yote kwamba ni mimi niliyeiua. Nikisimama, wataona. Pa kutokea sikupaona.

Nikasema kwa sauti. "Jamani, natokwa na damu. Ni mambo ya kike, na ni nyingi, siwezi kusimama. Wanaume naomba mtoke."

Sijawahi kuona wanaume wakitoka namna ile. Walibanana mlangoni, mshenga akaacha kofia yake. Walipokwisha kutoka, nikasimama, na sebule ikazunguka. Nilianguka mikononi mwa binti yangu. Neno la mwisho nililosikia ni la bibi: "Kwa umri huu?"

Zahanati wakanipima damu. Muuguzi akatazama majibu, akanitazama mimi. "Kwa damu hii ulikuwa unapiga pasi?" Nikamweleza kwamba nilidhani nimeshamaliza. "Hujamaliza, mama. Ndiyo kwanza unaelekea. Homoni zinapanda na kushuka, hedhi inaruka miezi, halafu inarudi kwa fujo. Mpaka mwaka mzima upite bila tone ndipo utasema imekoma. Na hilo joto, na usingizi, na hasira, ni humo humo. Ila kutokwa hivi si jambo la kukaa nalo ndani." Wakanipiga picha ya kizazi, uvimbe hawakuona. Nikapewa dawa ya kuzuia kutokwa na vidonge vya kuongeza damu. Ya joto ipo pia, akasema, lakini hupewi mpaka uangaliwe mwili wako. Usimeze ya jirani.

Binti yangu alikuwa kando, anasikia yote. Tulipotoka akauliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Mimi mwenyewe hakuna aliyeniambia."

"Nilidhani unamchukia."

"Mwanangu, mimi nilikuwa naichukia hata redio."

Akacheka kidogo.

Siku chache baadaye mshenga akaja. Kwanza akachukua kofia yake. Akasema wakwe wanatoa pole, ila wana swali dogo. Je, ugonjwa huo binti anaweza kuurithi? Baba watoto akatazama dari.

"Mwambie bibi si ugonjwa," nikasema, "na anaurithi kila aliyezaliwa mwanamke. Hata yeye ulimpitia. Wakitaka asiye nao, wakaoe mwanasesere."

"Hayo niyapeleke hivyo hivyo, mama?"

"Hivyo hivyo. Ukipunguza neno, usirudi."

Na hajarudi. Kijana anapiga simu, anasema anasubiri wakubwa wake wakubaliane. Binti yangu anasema wasiporudi, wasirudi, lakini geti likigongwa anakimbilia kioo.

Jana liligongwa. Alikuwa msoma mita ya maji. Binti yangu akarudi ndani, akavua hereni, akaniletea vidonge vyangu na glasi ya maji.

"Kunywa, mama."

Nikanywa. Kumtazama usoni nikashindwa.