Mvinyo wa Kisima cha Madeje

Siku ya mashauri baraza ya boma la Dodoma ilijaa watu kabla jua halijaanza kuchoma. Mmoja alikuwa na kesi ya mbuzi waliokula mtama wa jirani. Mwingine alimleta mkwe aliyekataa kurudisha mahari. Loisi alileta chupa. Alikuwa ameizungushia ngozi ya mbuzi na kuipakata kama mtoto mwenye homa, na alikuwa ametembea nayo hivyo tangu kwao, upande wa Bahi.

Zamu yake ilipofika, Shaaban, mkalimani wa boma, alimwita ndani. Shaaban alikuwa Mrangi wa Kondoa, kijana nadhifu aliyejua Kijerumani na Kigogo.

"Shikamoo, mama. Sema shida yako. Bwana Shauri ana haraka leo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya kisima."

Bwana Shauri, Mjerumani aliyetawala wilaya, alikuwa akisoma kitu kingine. Alinyanyua mkono kuonyesha kwamba anasikiliza.

Loisi alisema kwa Kiswahili alichofundishwa na wamisheni. Kisima kile kilichimbwa na mumewe, Madeje, pamoja na baba yake Madeje. Misafara yote iliyopita kwenda Tabora ilikunywa pale na kutoa hongo ya njia, kitambaa au shanga, kama ilivyokuwa desturi kwa kila mwenye maji. Kisha akaja kapteni wa Kijerumani, wa kwanza kupita, boma hili likiwa bado halijajengwa. Alikunywa yeye, wakanywa watu wake, wakanywa punda wake. Akasema vitambaa vimemwishia. Akatoa chupa.

"Alimwambia mume wangu, 'Maji haya ni yako, Madeje, nimeyakuta kwako. Itunze chupa hii. Nikirudi tutainywa pamoja na kijiji chako chote, watu wajue kwamba tumepatana.' Mume wangu akaitunza."

"Naye alirudi?" aliuliza Bwana Shauri.

"Alirudi na bunduki. Alitaka ng'ombe. Alichoma nyumba zetu zote za tembe, akampiga Madeje risasi mlangoni, akaondoka na ng'ombe. Chupa hakuiulizia. Mimi niliifukia chini ya jiwe la kusagia, ikakaa huko mpaka juzi. Sasa watu wa reli wamezungushia kisima seng'enge na kufunga pampu. Injini ya gari-moshi inakunywa. Ng'ombe wangu wanafukuzwa kwa mawe. Nimeleta chupa, ili mlikumbuke neno lenu."

Bwana Shauri aliichukua chupa, akaiinua dirishani. Ilikuwa nyeusi, nzito, mabega yake mapana, mdomo umezibwa kwa lakiri nyekundu iliyopasuka pasuka. Mwanga haukupenya. Uso wake ulibadilika, ukawa uso wa mtu aliyesikia harufu ya chakula cha kwao.

"Huu ni mvinyo wa Porto," alisema. "Na mwezi uliopita sanduku la mvinyo lilivunjwa pale stesheni. Mwanamke huyu ni mwizi."

Shaaban alitafsiri, ingawa Loisi alikuwa ameshaelewa kwa kumtazama uso. Adhabu ya wizi wa mali ya reli ilijulikana na kila mtu barazani. Ilikuwa mnyororo shingoni na kuvunja mawe, na wanawake wawili walikuwa wameshakufa humo tangu reli ifike.

"Mwite basi anayejua chupa," alisema Loisi. "Aiangalie."

Bwana Shauri alikubali, si kwa ajili yake. Alitaka kujua thamani ya kitu kilichokuwa mkononi mwake.

Akaitwa Mgoa, Mhindi mwenye duka karibu na stesheni, ambaye baba yake aliwahi kuwauzia Wareno mvinyo huko kwao. Mgoa alivaa miwani, akaiweka chupa juu ya meza, akaizunguka bila kuigusa. Kisha akapitisha kidole juu ya doa jeupe lililokuwa ubavuni.

"Hii ni chokaa," alisema. "Chupa za siku hizi zinabandikwa karatasi. Za zamani zilipakwa doa la chokaa tu. Mvinyo huu hulazwa ghalani miaka mingi, nao unajenga ukoko ndani ya kioo kama uji ndani ya chungu. Doa linaonyesha upande wa juu, ili ukiihamisha uilaze vilevile na usivuruge ukoko." Akamgeukia Loisi. "Wewe, mama, uliiweka vipi?"

"Niliilaza, doa jeupe likitazama juu. Kapteni alisema ilale kama mtu."

Mgoa aliitikia kwa kichwa. Alisema haikutoka kwenye sanduku la stesheni, kwa sababu sanduku lile alilipokea yeye mwenyewe, na mvinyo wake ulikuwa mwepesi, mweupe, wa mwaka juzi. Kuhusu umri kamili hakutaka kukisia. Mwaka huchomwa kwenye kizibo, na kizibo hakisomeki mpaka kitoke. Aliomba chupa isimamishwe wima mpaka kesho, ili mashapo yatulie chini.

Basi chupa ikalala bomani ikiwa imesimama, na Loisi akafungiwa katika ghala la chumvi. Askari hakumpa maji. Alisema hakuambiwa ampe.

Kesho yake mchana walikusanyika tena ofisini. Mgoa alipasua lakiri kwa kisu, akaifuta shingo ya chupa, akazungusha kizibuo polepole. Kizibo kilitoka kizima, cheusi kwa chini. Alikisogeza karibu na miwani na kusoma mwaka. Ulikuwa mwaka ambao Loisi alikuwa bado msichana anayefukuza ndege shambani.

"Ni ya zamani," alisema Mgoa. "Mama hakuiba."

Hapo Madeje akaingia uani. Askari wa zamu alimuuliza anakwenda wapi, akajibu kwa Kigogo kwamba ameitwa kunywa, na askari akampisha. Alikuwa mwanamume mrefu aliyejipaka udongo mwekundu, masikio yake yametobolewa na kuvutwa kwa desturi ya kwao. Kifuani alikuwa na tundu la upana wa kidole gumba. Aliposimama mlangoni, jua la uani lilipita ndani ya tundu hilo, likaanguka sakafuni mbele ya viatu vya Bwana Shauri.

"Mbukwa," alisalimu.

"Funga mlango," alisema Bwana Shauri. "Vumbi linaingia."

Shaaban alifunga mlango. Madeje alimtazama mkewe kwa muda. Nywele za Loisi zilikuwa zimeota mvi, naye Madeje hakuwa na unywele mmoja mweupe.

"Nyemo," alisema.

"Nani Nyemo?" aliuliza Shaaban.

"Mimi," alisema Loisi. "Ndilo jina langu la kabla ya ubatizo. Yeye hakuwepo nilipobatizwa."

Alitaka kumshika mkono mumewe, lakini askari alimkumbusha kwamba bado ni mahabusu.

Mgoa alitandaza kitambaa cheupe juu ya mdomo wa jagi, akamimina. Mvinyo ulishuka mwekundu wa kahawia, kama udongo wa Ugogo baada ya mvua ya kwanza. Bwana Shauri alijimiminia, akanusa, akafumba macho, akanywa. Alisema hajawahi kuonja kitu kizuri hivi tangu aje Afrika. Akampa na Mgoa. Madeje alisimama akingoja.

"Aliahidiwa," alisema Loisi.

"Mpeni," alisema Bwana Shauri, maana furaha ya mvinyo ilikuwa imeshampanda.

Madeje alipokea glasi kwa mikono miwili. Alikunywa, na mvinyo ukatoka kwenye tundu la kifua, ukatiririka tumboni, ukadondoka sakafuni.

"Mtamu," alisema. "Miaka yote nilidhani ni dawa."

"Asipewe tena," alisema Bwana Shauri. "Anaupoteza."

Mgoa alikuwa amekifungua kitambaa chake. Mashapo yaliyobaki hayakuwa ukoko wa mvinyo. Yalikuwa majivu, na vipande vidogo vya mkaa, na ofisi nzima ilinuka udongo na miti ya paa inapoungua. Mgoa alikikunja kitambaa upesi. Aliomba ruhusa ya kurudi dukani, akapewa.

Kisha shauri likaendelea. Shaaban alitafsiri huku na huku, na kwa kuwa alikuwa mkalimani mzuri hakupunguza neno. Madeje alieleza kama mkewe alivyoeleza. Alitaja mti ambao kapteni alifungia punda wake. Alitaja maneno ya kapteni kuhusu maji. Mwisho aliuliza ng'ombe wake wako wapi.

"Waliliwa," alisema Bwana Shauri.

"Wote?"

"Ni miaka mingi."

Bwana Shauri alijimiminia tena. Alisema anaamini kila kitu. Chupa ni ya kweli, ahadi ilitolewa, mwanamke si mwizi, afunguliwe. Lakini sheria ya serikali ilikuwa wazi. Ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Kaisari. Madeje alikufa, na mfu hana ardhi. Kwa hiyo kisima kilikuwa hakina mwenyewe, serikali ikakichukua kihalali, ikawapa watu wa reli.

"Lakini mwenyewe si huyu hapa?" alisema Loisi. "Umemuuliza maswali. Amekujibu. Umemnywesha."

Shaaban alitafsiri hilo kwa sauti ndogo.

Bwana Shauri alimpima Madeje kwa macho, kuanzia mabega hadi miguu.

"Ni kweli, yupo," alisema. "Tena ana nguvu. Mwanamume mwenye nguvu asiye na kazi anakwenda kujenga reli. Hiyo nayo ni sheria."

Loisi hakulia. Alijaa hasira mpaka meno yakamuuma. "Akidai kisima, amekufa," alisema. "Akitakiwa kubeba chuma, yu hai. Mwanangu Shaaban, mdomo wako hauungui?"

Shaaban alitazama sakafu, pale palipokuwa na mwanga wa jua uliopita ndani ya mtu. "Mimi natafsiri tu, mama," alisema.

Askari alipofungua mlango, uani walikuwa wamesimama wengine. Walikuwa watu wa tembe zile zilizochomwa, waliokufa siku moja na Madeje, maana chupa ilipewa kijiji kizima na wao nao walikuwa wamealikwa. Wanaume walisimama mbele, wanawake nyuma na watoto migongoni. Walinuka moshi. Hawakukuta tone la mvinyo, jagi lilikuwa limekwisha. Bwana Shauri alitoka barazani na glasi mkononi. Msimamizi wa reli, Mgriki mmoja, alikuwa akilalamika tangu kiangazi kianze kwamba watu wanatoroka na wanaugua. Siku hiyo hiyo alipelekewa watu hao, Madeje akiwa kati yao, nao wakafungwa kamba kiunoni ili wasipotee njiani.

Msimamizi aliwapenda. Alisema hawaugui, hawali posho, na wanapopigwa kiboko hawapotezi muda kwa kulia. Zaidi ya yote hawanywi maji. Wasimamizi wa sehemu nyingine walianza kuomba wa kwao.

Loisi alirudi nyumbani. Kila asubuhi aliswaga ng'ombe wake waliobaki kwenda kwenye vidimbwi vya Bahi, mbali, ambako maji yalikuwa tope, na njia yake ilipita kando ya reli. Alimkuta Madeje akichimba mfereji wa bomba la pili, kutoka kisimani mwake mwenyewe hadi kwenye tangi jipya. Udongo ule aliujua. Alijua penye jiwe na penye mchanga, kwa hiyo mfereji wake ulikwenda upesi kuliko ya wenzake, na msimamizi alimfanya mfano kwa wengine.

"Umechoka?" Loisi alimuuliza siku moja.

"Sichoki," alisema Madeje. "Ndilo linaloniudhi. Aliyechoka huanguka chini, akapumzika."

"Wapige kwa sururu hiyo."

"Nimempiga mmoja. Walinipiga risasi tena. Nimeamka, wamenirudisha kazini."

Alimwonyesha tundu la pili, karibu na la kwanza. Loisi alilifunika kwa kiganja chake, na kiganja kikatosha.

Ndani ya seng'enge pampu ilikuwa ikivuta. Maji yalisikika yakipanda kwenye bomba. Injini ilikunywa mpaka ikafurika, maji yakamwagika kwenye kokoto, na walinzi wakawarushia mawe ng'ombe waliosogeza pua. Ndama mmoja, wa mwisho kuzaliwa, alikunja magoti hapo hapo kando ya waya, akalala ubavu, hakuinuka tena.

Madeje aliweka sururu chini. Alimwomba msimamizi ruhusa ya kitambo kidogo tu, amsaidie mkewe kumchuna ndama.

Hakuruhusiwa. Loisi alimchuna ndama peke yake, na Madeje akaendelea kuchimba.