Mahali pa Bibi Harusi

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini asubuhi ile aliyekuwa akimhoji Aminah kwa simu hakuwa Mungu. Alikuwa afisa wa uhamiaji wa ile nchi ya theluji alikofanya kazi mumewe, Ukasha.

"Mama, siku ya ndoa yenu ulikaa wapi?" mkalimani aliuliza.

"Mimi hapana kuwa pale," Aminah akajibu. "Mimi ilikuwa ndani ya nyumba na wanawake. Baba ndiyo ilienda musikitini."

Mkalimani akatafsiri. Bibi harusi asiyekuwepo kwenye ndoa yake! Nani angewafahamisha watu hawa kwamba huku Bwera baba ndiye anayeozesha, na binti husubiri chumbani aletewe habari kuwa keshakuwa mke?

"Mume wako ametuandikia kwamba ulikaa upande wake wa kulia."

Ukasha huyo, na ulimi wake wa enzi za udereva wa lori, daima kumpa afande wa barabarani jibu analolipenda. Ombi la kwanza la viza ya kumfuata mumewe lilishakataliwa, na hili ndilo lilikuwa la mwisho. Afisa akampa mpaka jioni ajieleze kwa barua pepe.

Akampigia Ukasha, akampigia tena, hapatikani. Kiwandani kwao simu hufungiwa kabatini. Bwera umeme ulikuwa umekatika, akapanda boda kwenda Kasese kwenye duka la intaneti. Walipopita Kinyamaseke njiani, bado alikusudia kushikilia ukweli. Lakini akishikilia, si atamfanya mumewe mwongo, wamfukuze hata yeye? Heri aonekane yeye mjinga.

"Mume wangu alisema kweli," akaandika. "Nilikaa upande wake wa kulia. Niliogopa simu, nikachanganyikiwa." Akatuma, kisha akalia mbele za watu bila haya.

Alikuwa amefika mlangoni, bado anajifuta machozi, Ukasha alipopiga, sauti yake nyepesi.

"Aminah, usilie. Hata mimi wameniandikia, nimeona saa ya chakula. Ile mambo nimetengeneza. Nimewaambia mimi ndiyo nilidanganya, wewe ilikuwa ndani na wanawake, vile ulisema."

Aminah akakaa chini pale pale mlangoni mwa duka.

"Aminah? Iko shida?"

"Ukasha," alisema, "barua ikishatumwa, inaweza kurudishwa?"