Lagi Hamwiti Tena Baba

Jumapili asubuhi kule kisiwani Savai'i, kupika ni kazi ya wanaume. Peniamina alikuwa ameshawasha kuni, na mawe ya tanuri ya kupikia yamepata moto mpaka yamekuwa meupe. Mkewe, Sieni, alikuwa anatoka kwenda kufagia kanisa.

"Baba Lagi, nakuachia mtoto, sikuachii simu. Na umeona siku hizi hakuiti?"

"Amekua."

"Wa miaka miwili amekua nini? Amechoka na wewe."

Peniamina akamcheka. Sieni alipotoka tu, akaegemeza simu kwenye nguzo ya kibanda. Nduguze waliohamia Auckland, ng'ambo, walikuwa wakimngoja kwa video. Kila Jumapili walitaka kuona mawe yakitandazwa, maana wao huko walipikia jiko la umeme na roho zilibaki nyumbani.

"Wee Peni, hilo tumbo la kwako au la mchungaji?" binamu yake Lautafi alipiga kelele.

"Nyamaza, mla mikate wewe!"

Peniamina alishika koleo la mti, akayatandaza mawe, macho kwenye simu. Lagi akamvuta kaptula. Akamsukuma kwa goti bila kumtazama. Mtoto hakulia. Alizunguka upande wa pili, kimya.

"Tuonyeshe magimbi, bwana!"

Akaipa tanuri mgongo, akachukua simu mkononi, akainua kikapu.

"Peni, nyuma yako!"

"Nyuma yangu kuna nguruwe tena?" Jumapili iliyopita walimdanganya hivyo hivyo, wakamcheka wiki nzima. "Leo sigeuki."

"Mtoto! Peni, mtoto!"

Lautafi hakuwa anacheka. Peniamina akageuka, na simu ikamtoka.

Lagi alikuwa amesimama ukingoni mwa mawe, mkono juu. Ngozi ya kiganja ilikuwa imeumuka, nyeupe. Kinywa kilikuwa wazi, machozi yanamwagika, lakini sauti haitoki.

"Lagi! Njoo, mama! Njoo kwa baba!"

Alipiga magoti, mikono wazi. Mtoto akampita. Akachuchumaa kwenye majani ya mgomba ilipoangukia simu, akakiweka kile kiganja mbele ya kioo, akawaonyesha watu wa ndani.

 

Peniamina akamnyakua, akakimbia naye hadi kwenye pipa la maji, akauzamisha ule mkono huku akimwita jina, akimsihi alie. Lagi hakumtazama. Alikuwa amepinda shingo juu ya bega la baba yake, anaitafuta simu.