Lindo la Koplo

Nianze na ukweli: aliyekaribia kutupokonya kile kiwanja cha ufukweni hakuwa Meya, wala afisa ardhi, wala ile kampuni iliyokuwa ikikimezea mate ili ijenge hoteli. Alikuwa kaka yangu wa tumbo moja, Koplo. Na alifanya hivyo kwa bidii, kila siku ya Mungu, miaka kumi mfululizo, mgongo ukiwa umenyooka.

Mimi ni mwenyekiti wa chama chetu cha askari wastaafu. Jeshini nilikuwa mtu wa redio, nikamaliza na cheo cha sajini, na mpaka leo watu huniita Mama Redio. Wengine huniita hivyo kwa heshima, wengine kwa sababu wanasema sina swichi ya kuzimia. Sijali. Ningekuwa na swichi hiyo, tungeshafukuzwa zamani.

Miaka kumi iliyopita jiji lilitupangisha kipande cha ardhi ya umma, kati ya ghala bovu na ukuta wa forodha, chenye geti la chuma upande wa barabara. Wakati ule hakuna aliyekitaka. Kilikuwa jaa la matairi, chupa zilizovunjika na mafriji yaliyooza. Tulizoa uchafu ule kwa miezi minne, wenye miguu wakichota, wenye viti vya magurudumu wakipokezana ndoo. Tukasimamisha banda la mabati, nusu ofisi, nusu karakana ya magongo na miguu ya bandia. Kisha tukajenga ngazi pana ya saruji, yenye vyuma vya kushikilia pande zote mbili, inayoshuka hadi majini.

Ile ngazi ndiyo roho ya mahali pale. Mtu aliyekatwa miguu yote miwili, ukimshusha majini mpaka kifuani, kichwa chake kinakuwa sawa na vichwa vya wenzake. Hakuna anayemtazama kutoka juu. Nimemwona dereva wa kifaru, mtu mzima mwenye wajukuu, akicheka pale majini hadi akapaliwa. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba hoteli italeta maendeleo, mimi humwuliza kama ina ngazi.

Mkataba ulikuwa na kifungu cha saba: eneo libaki wazi kwa umma, asubuhi hadi jioni. Nilikisoma, nikatia saini, nikakisahau. Hilo ni kosa langu na simtwishi mtu. Maana siku ile ile ya kwanza kaka yangu aliniuliza, "Lindo liko wapi?" nami nikamwonyesha geti.

Nilimwonyesha geti ili apate cha kufanya. Alirudi vitani akiwa mzima wa viungo, lakini kazi zilimshinda moja baada ya nyingine, na usiku alikuwa akizunguka nyumba akikagua madirisha. Tangu alipokabidhiwa lile geti, wifi yangu, mke wake, aliniambia kwamba analala. "Analala na anakoroma," alisema, "na mimi sasa ndiye nisiyelala, lakini asante, wifi." Basi nikaona nimetenda jambo la busara. Kumbe nimeajiri mtu wa kutufukuzisha.

Koplo alilinda lile geti kama ghala la risasi. Mtu yeyote asiye mwanachama alisimamishwa hatua tano kabla. Jina? Unatoka wapi? Umekuja kwa nani? Kitambulisho? Ukijibu kwamba umekuja tu kukaa kidogo upunge upepo, umejimaliza. Sisi kule ndani, tukiwa tumekaa kwenye ngazi yetu, tulikuwa tukilalamika kwamba watu wa mji huu hawana shukrani, hawaji hata kutusalimia.

Mkataba ulipokaribia kwisha, afisa ardhi alikuja kukagua. Kijana mwenye tai, mkoba mkononi, hakutoa taarifa. Na kitambulisho alikisahau ofisini. Nadhani unajua kilichompata. Alisimamishwa juani dakika arobaini. Nilipopata habari na kutoka mbio, nilimkuta shati limemganda mgongoni, na kaka yangu akimweleza kwa upole kabisa kwamba hata jenerali asiye na kitambulisho hapiti.

"Kaka," nikamnong'oneza, "huyu ndiye anayetuandikia ripoti."

"Ndiyo maana nimemsimamisha vizuri," akajibu. "Aone kazi inavyofanyika."

Kikao cha madiwani kilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Tulikwenda wote, mashati yamepigwa pasi, magongo yamefungwa mipira mipya ili yasiharibu sakafu yao. Afisa ardhi akasimama akasoma: banda zuri, usafi mzuri, ngazi imara. Lakini umma hauruhusiwi kuingia. Kifungu cha saba kimevunjwa. Anapendekeza mkataba usiongezwe, na ardhi itangazwe kwa mpangaji mwingine. Hakumtaja mpangaji huyo, ila mtu mmoja mnene aliyekaa nyuma alirekebisha suti yake.

Meya akauliza kama tuna la kusema. Kabla sijafungua mdomo, Koplo alikwishasimama. Akapiga hatua tatu, akabana visigino, akaweka mezani daftari kubwa lenye jalada jeusi.

"Mstahiki Meya. Hakuna raia aliyepita bila kukaguliwa. Miaka kumi. Ushahidi wote umo humo."

Nilijua ana daftari, sikujua anaandika nini. Afisa ardhi alilifungua kwa vidole viwili na kuanza kusoma kwa sauti, bila haraka, kama mtu anayekula kitu kitamu.

"Mama na watoto watatu. Sababu: kuoga. Wamerudishwa. Bwana harusi, bibi harusi na mpiga picha. Sababu: picha. Wamerudishwa. Mzee mmoja na mjukuu. Sababu: kuangalia maji. Wamerudishwa." Neno lile la mwisho lilikuwa limeandikwa kwa wino mwekundu kila mstari. Akafunua mbele kidogo. "Mwanamume, suti ya kijivu, anasema anagombea udiwani. Amerudishwa."

Ukumbi mzima ukamgeukia Meya, aliyekuwa amevaa suti ya kijivu. Vicheko vikalipuka. Koplo alibaki wima, akitazama mbele, akidhani labda wanafurahi. Mimi niliona aibu kwa ajili yake, kisha nikaona hasira. Huyu mtu alilala chini ya mvua ya mabomu kwa ajili ya watu hawa, na sasa wanamcheka kwa sababu alifanya kazi aliyopewa.

Nikasimama. "Mkimaliza kucheka mniambie."

Wakanyamaza, mmoja baada ya mwingine.

"Kosa ni letu," nikasema. "Tena ni langu, mimi ndiye niliyempa lindo. Yote yaliyomo humo ni kweli, na nawaomba radhi wale mama na wale maharusi. Lakini kosa la geti linarekebishwa kwenye geti. Ardhi hatutoi."

"Mama," Meya akasema, "hapa hatuombwi wala hatutishwi. Mkataba unasema wazi, kiwanja hakiko wazi. Saa tisa tunapiga kura."

"Saa tisa tutakuwa hapa."

"Mje na nini? Maneno?"

"Maneno nimemaliza," nikasema. Ndugu zangu wanachama wakanitazama kwa mshangao, maana hawajawahi kunisikia nikisema hivyo.

Tulirudi kiwanjani saa sita kasorobo. Fundi wetu wa karakana, tunayemwita Bolti kwa sababu ya mguu wake wa chuma, nikamwambia alete spana na mafuta. Geti linang'olewa. Bolti akatazama geti, akatazama aliyekuwa mbele ya geti, akaweka spana chini.

Koplo alikuwa amesharudi lindo.

"Nani katoa amri?" akauliza.

"Kaka, umesikia mwenyewe kule. Geti hili ndilo linalotuua."

"Geti hili ndilo linalowalinda. Mnaoga mkiwa mmevua miguu yenu ya bandia, mnalia mle majini, mnacheka kama watoto. Mnafikiri ni kwa nini hakuna aliyewahi kuwachungulia? Kwa sababu mimi niko hapa." Sauti yake ikapungua. "Dada, nikiondoka hapa nitakwenda wapi?"

Miaka kumi nilikuwa nikilala vizuri nikijua kaka yangu analala, na sikuwahi kufikiri kwamba ile mistari myekundu ilikuwa ikiandikwa kwa ajili yangu pia. Nilitamani jiji lichukue kiwanja chao, nami nimwachie huyu mtu geti lake, akalisimike hata jikoni kwake.

Wifi yangu alikuwa amekuja na chakula cha mumewe, kama kila siku. Akakiweka juu ya tofali, akanivuta mkono.

"Wifi, usimbembeleze. Nimembembeleza miaka kumi arudi nyumbani ale mezani kama watu, unaona nimefika wapi. Mpe amri."

"Atanichukia."

"Atakuchukia akiwa na pa kwenda kesho asubuhi. Mimi nitamtuliza. Wewe okoa kiwanja."

Mimi sajini, yeye koplo. Tangu tuvue magwanda sikuwahi kukitumia cheo kile kwake. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto, yeye ndiye aliyeniingiza jeshini, na nikimsalimia huanza na shikamoo. Nikapiga moyo konde, nikabana visigino.

"Koplo!"

Mwili wake ukanyooka kabla yeye hajaamua.

"Fungua bawaba. Ng'oa geti."

Alinitazama, na katika macho yale sikuwa dada yake. Kisha akapiga saluti, akaokota spana. Hakutaka Bolti amsaidie. Akalegeza nati moja moja, akazipanga chini kwa safu, na lile geti likaegemea bega lake kama mgonjwa anayeshushwa kitandani.

Lilikuwa zito ajabu. Tukalilaza juu ya viti vinne vya magurudumu, kwenye mapaja ya wenyewe, wawili mbele na wawili nyuma, nasi wengine tukasukuma. Tukapita nalo barabara kuu, katikati kabisa, magari yakipiga honi nyuma yetu. Bolti alikuwa akiwajibu madereva kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Watu wakatoka madukani. Wakauliza, wakacheka, wakafuata. Tulipofika ukumbini saa tisa kasoro dakika tano, nyuma yetu kulikuwa na umati ambao hata Meya wakati wa kampeni hakuwahi kuupata.

Tuliliweka sakafuni, mbele ya meza yake. Sakafu ya ukumbi ililia.

"Mstahiki," nikasema, "kiwanja hakina geti. Andikeni hivyo."

Afisa ardhi alikuwa amejiandaa. "Leo limeng'olewa, kesho litarudishwa. Na huyu mlinzi kesho atakuwa pale pale. Mheshimiwa, tatizo hapa si chuma, ni mtu."

Sikupenda kukubali, lakini alisema kweli. Meya akamgeukia kaka yangu.

"Koplo, kesho utakuwa wapi?"

"Lindo, Mstahiki."

Minong'ono ikaanza. Nikafumba macho.

"Unalinda nini, na geti hakuna?"

Koplo alilitazama lile geti sakafuni. "Nalinda pasifungwe," akasema. "Atakayekuja kupaziba, awe sisi wenyewe, awe mtu wa hoteli, awe wewe, atanikuta."

"Na raia akija?"

"Anapita."

"Bila jina?"

Swali lile lilimchoma. Mimi niliyemjua nilijua linamgharimu nini, na machozi yalinitoka mbele ya madiwani wote na sikuyafuta.

"Bila jina," akasema kaka yangu.

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Tulishinda kwa mkono mmoja, na sitasema ulikuwa wa nani, ila shati lake lilikuwa chini ya koti la kijivu. Miaka kumi mingine. Mtu mnene wa nyuma alitoka bila kuaga. Meya akatupigia kelele tuondoe chuma chetu ukumbini, nasi tukamwambia tumechoka, atafute vijana wake.

Umati ukatufuata mpaka kiwanjani. Hapo ndipo nilipoona ukubwa wa kazi aliyoifanya Koplo. Nguzo mbili zimesimama, katikati peupe, ngazi inaonekana, maji yanaonekana, na watu wote wamesimama hatua tano kabla, hakuna anayesogea. Mama mmoja aliyeshika watoto wawili alinyoosha shingo kuchungulia, kisha akarudi nyuma. Miaka kumi ya kurudishwa haiondoki kwa spana.

Nikasema, "Karibuni, piteni." Hakuna aliyepita. Wote walikuwa wanamtazama Koplo.

Yeye akawatazama pia. Kisha akaenda akasimama kando ya nguzo, akavuta pumzi, na akatoa ile sauti ya uwanja wa gwaride ambayo sikuwa nimeisikia tangu ujana wetu.

"Raia! Mguu sawa!"

Umati ukashtuka. Mtu mmoja akacheka, lakini miguu ikakutana. Hata wifi yangu alibana visigino na bakuli mkononi.

"Mbele, tembea!"

Yule mama akaanza, akiwavuta watoto wake, kichwa chini, akingoja kuulizwa. Hakuulizwa. Alipovuka nguzo akainua uso, na nyuma yake wakaingia wengine, na wengine, wakicheka, wakisukumana, viatu mkononi, wakishuka kwenye ngazi yetu hadi majini. Koplo alisimama wima, mikono ubavuni, na hakumwandika mtu.