Uso Mmoja Dukani

Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri, Hafsa aliegemeza simu kwenye cherehani ya mama yake, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, akafinya macho. Ndivyo inavyopimwa picha ndogo ya kuuzia mchezo kwenye duka la mtandaoni. Mnunuzi haikodolei macho. Anaipita tu kwa kidole akiwa kwenye foleni au chooni, na yenyewe haizidi stempu ya barua. Isipoeleweka kutoka mlangoni, ni kama haipo.

"Unaona nini?" aliuliza Sixbert, aliyekaa sakafuni akitafuna michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa.

"Siafu," alisema Hafsa.

Wawili hawa walikuwa wametengeneza mchezo wa simu wa aina ile isiyo na mbio wala bunduki: unasoma hadithi, unatazama picha, na kila ukifika njia panda unamchagulia mhusika la kufanya. Hafsa alichora. Sixbert, mtoto wa wakulima wa tumbaku wa Ulyankulu, aliandika. Mhusika wao aliitwa Limbu, mwanamke wa Kinyamwezi aliyebeba mzigo kutoka Tabora hadi pwani huku mtoto yuko mgongoni. Duka la mtandaoni lilikuwa na maonyesho ya michezo mipya, nayo yangefungwa Jumapili. Mchezo usipobofywa hapo ungezama moja kwa moja, na Hafsa angekwenda Igunga kusimamia mashine ya mpunga ya mjomba wake. Alishaiona mashine hiyo. Aliichukia yenyewe, mkanda wake na pumba zake.

Kosa la picha lilikuwa la malezi. Kwa kina Hafsa, picha haikati mtu. Kwenye harusi ya dada yake mpiga picha alimwacha shangazi mmoja nyuma ya nguzo, na shangazi huyo hajatia mguu nyumbani tangu siku hiyo. Basi Hafsa, kwa adabu zake zote, alikuwa ameuingiza msafara mzima ndani ya stempu: kiongozi Masolwa na manyoya yake kichwani, wapagazi, wapishi, mbuzi, Limbu katikati, na Bwana mwenye msafara juu ya machela, amebebwa na wanaume wanne.

"Uso mmoja," alisema Sixbert. "Mkubwa. Macho yakutazame. Wengine futa."

Hafsa alianza na wa mwisho mstarini. Alipomfuta tu, mtu akapiga hodi jikoni. Alikuwa mpagazi yule yule, pembe ya ndovu begani.

"Karibu," alisema Mwanahawa, mama yake Hafsa, bila kuacha kupepeta mchele. "Huo mzigo uache nje, utanikwaruzia sakafu."

Hafsa alimwamkia shikamoo, maana mgeni alimzidi umri kwa miaka zaidi ya mia. Naye akaitikia marahaba na kuomba maji.

Kila aliyefutwa aliingia kwa mlango huo. Kufikia alasiri ua ulikuwa umefurika, mbuzi wamemaliza michicha ya Mwanahawa, na Mwanahawa ametuma watu msikitini wakaazime sufuria kubwa. Bwana Chilewa, jirani, mstaafu wa reli, alichungulia juu ya ukuta kuuliza kuna shughuli gani.

"Kabila gani wewe?" Masolwa alimuuliza.

"Mgogo."

Ua mzima ulipiga kelele za furaha. "Watani!" alisema Masolwa. "Mlitutoza nguo kila tulipopita kwenu! Hata maji ya kisima mlituuzia! Leo tunajirudishia." Vijana wawili waliruka ukuta, wakarudi na jogoo wa Bwana Chilewa.

"Mnyamwezi hata akifa, njaa haimwachi!" alisema Bwana Chilewa, akicheka mpaka akaushika ukuta. "Chukueni na mtetea, wezi wakubwa ninyi!" Kisha akazunguka kwa mlango wa mbele, akakaa kwenye mkeka na kudai firigisi. Wakampa, kwa matusi mengi.

Baada ya kula, wageni waliishika kazi ya picha kama yao. Walipanga foleni mlangoni, wakawa wanafinya macho mmoja mmoja.

"Nyuma yake pakolee zaidi," mmoja alisema. "Uso unazama."

"Jina refu," alisema Masolwa. "Mimi sijui kusoma, lakini naona linajikunyata."

Hafsa aliufuta usiku wa kijivu, akaweka njano ya asali mpya. Alilikata jina la mchezo likabaki neno moja, LIMBU, herufi nene. Aliukuza uso wa Limbu hata ukagusa kingo, na macho akayaelekeza kwa mtazamaji. Kutoka mlangoni picha iliwaka. Ua ulishangilia, Bwana Chilewa akapiga sufuria, na Hafsa, ambaye hachezi hata kwenye harusi, alicheza. Sixbert aliituma dukani na jina likasajiliwa, lisiweze kubadilishwa tena.

Jumamosi hawakuibofya watu. Yaani waliiona na kuipita. Duka huonyesha idadi ya macho na idadi ya vidole. Macho yalikuwa mengi, vidole havikuwepo. Hafsa alibadilisha rangi, kisha kilemba, kisha tabasamu. Picha ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomuuma, kwamba hakuona kosa la kurekebisha.

"Tujaribu na yule mwingine," Sixbert alisema, akitazama mkeka. "Jaribio tu."

Yule mwingine alikuwa Bwana mwenye msafara, ambaye hakuwa amefutwa, amefichwa tu nyuma ya uso wa Limbu, juu ya machela yake. Hafsa alilia kidogo, akamfuta Limbu.

Limbu aliingia jikoni na mtoto mgongoni. "Mwadila," alisalimia, akautua mzigo mwenyewe. "Nani kabaki?"

"Bwana," alisema Hafsa. "Nisamehe, dada. Ningekuacha pale hata milele."

"Amebeba nini?"

"Hana kitu."

"Ahaa," alisema Limbu, akaomba michembe.

Uso wa Bwana, na kilemba chake, na jina LIMBU chini ya kidevu, ulibofywa kabla Sixbert hajakaa. Ulibofywa Dar es Salaam, ukabofywa na nchi ambazo Hafsa alizijua kwa bendera tu. Mwanahawa alivaa miwani, akaitazama ile pua na kusema ni ya ukoo wao wenyewe, wa wafanyabiashara wa misafara, bila kujivuna wala kuona haya. Hafsa alifurahi sana. Alijua anafurahia nini, na furaha haikupungua.

Ila kufikia magharibi Bwana alianza kushuka. Kidevu kilipotea kwenye ukingo wa chini, ikafuata midomo, kikabaki kilemba na nyusi zilizoinuka. Vidole vya wanunuzi vikapungua naye.

"Ataanguka huyo," alisema Limbu. "Hajawahi kusimama mwenyewe."

Masolwa aliita majina. Wabebaji wanne walijifunga vitambaa mabegani, wakalalamika, wakamtania Bwana Chilewa kwamba machela hii angetosha kuibeba peke yake kama Wagogo wangekuwa wanaume, kisha wakatoka kwa mlango wa jikoni. Mara Bwana akapanda. Midomo ilirudi, ikaja kidevu, na uso ukakaa sawasawa katikati ya njano. Wabebaji wenyewe walikuwa chini ya ukingo, pale ambapo picha imekatwa.

"Naweza kuushusha ukingo wa chini kidogo," Hafsa alisema. "Mabega yaonekane."

"Ukiushusha, uso unakuwa mdogo," alisema Sixbert. Hafsa alikwenda mlangoni, akafinya macho, akaona ni kweli.

Mchezo uliingia ukurasa wa mbele Jumapili asubuhi na haujatoka. Hafsa hakwenda Igunga. Wageni wamehamia uani kwa jumla, wanambeba Bwana kwa zamu, na wimbo wao wa njiani husikika kwa mbali ukiweka sikio kwenye simu. Mwanahawa huwafunikia chakula wa zamu ya usiku. Bwana Chilewa amenunua jogoo mwingine, naye ameshaliwa.

Juzi Sixbert alikuwa akisoma maoni ya wanunuzi kwa sauti. "Nampenda sana huyu Limbu," mmoja ameandika, akikusudia Bwana mwenye kilemba. "Anaonekana mwepesi, kama hana uzito kabisa."

Limbu alicheka mpaka michembe ikampalia. Aliomba yasomwe tena, akacheka tena. Kisha alimkabidhi Mwanahawa mtoto, akakunja kanga akaiweka begani, akatoka kwa mlango wa jikoni, maana zamu yake ilikuwa imefika.