Usukani wa Pembe

Kitu cha kwanza ambacho watu wa mtaa walikitafuta kwenye baiskeli mpya ya Luqmani ni keria. Jirani yake muuza maandazi aliizunguka kama anayekagua mbuzi mnadani, akainama, akainuka, akauliza, "Sasa hapa abiria anakaa wapi?"

"Haibebi abiria," Luqmani alisema.

"Mzigo je?"

"Wala mzigo."

"Kumbe ni ya nini, baba?"

Luqmani alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, tabasamu alilojifunza kutoka kwa watu waliokuwa wakimchekea yeye hivyo hivyo, akaingia dukani kwake kufuta miwani. Aliona hakuna faida ya kumweleza mtu wa maandazi mambo ya mwendo.

Duka lake lilikuwa la miwani, dogo, karibu na soko la Morogoro mjini. Baiskeli aliiegemeza ndani, mbele ya kioo, ili kila mteja aione kabla hajapimwa macho. Ilikuwa nyembamba kama mtu aliyetoka kuugua, na usukani wake, badala ya kunyooka kama usukani wa watu wote, ulijikunja kuelekea chini kama pembe za kondoo dume. Mwenye kuipanda alilazimika kulaza kifua, kuinua makalio na kuchungulia barabara kwa chini ya kofia. Pedeli zake hazikuwa za kukanyagwa kwa ndala. Zilitaka viatu maalumu vyenye chuma kwenye soli, ambacho kikinasa hakiachii mpaka mtu azungushe kisigino kwa nje. Ilikuwa baiskeli ya mtu asiyetarajia kukutana na mtu.

Kabla ya hapo alikuwa na ya buluu, yenye usukani mnyoofu uliomketisha wima kama hakimu. Ilikuwa na kengele, na keria ya kuchomelewa, na juu ya keria kipande cha godoro kwa ajili ya mkewe, Raya. Kwa baiskeli hiyo alijiunga na kundi la wapanda baiskeli wa Jumapili, akidhani baiskeli ni baiskeli. Kiongozi wao, Rogers, mtu wa mapaja manene na maneno machache, aliitazama keria, akakitazama kile kipande cha godoro, akasema, "Mzee, leo tunapanda mlima, hatupeleki mtu kliniki." Wenzake wakaangua kicheko, na tangu siku hiyo jina la Luqmani likawa Keria. Kila Jumapili alifika kileleni wenzake wamekwisha kunywa maji na kupumzika, na hata kumcheka walikuwa wamekwisha kumaliza.

Dharau huambukiza kama upele. Mtu mwenye akili angemchukia Rogers. Luqmani aliichukia baiskeli. Akaanza kuona aibu kengele yake inapolia. Mwishowe akaagiza ile ya pembe, na ya buluu akamwuzia Shukuru, mwanamume anayeshusha ndizi kutoka Kiroka, bila hata kuifuta vumbi.

"Bosi, umefikiri vizuri?" Shukuru alimwuliza, akiupapasa usukani. "Hiki ni chuma hiki."

"Chukua tu," Luqmani alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa takataka nje.

Alichosahau ni kwamba baiskeli ile ndiyo iliyomwoza mke.

Luqmani si mtu wa Morogoro. Alikuja kutoka Kondoa na begi moja na sanduku la vioo, na alipopeleka posa kwa kina Raya, katika kijiji kilichoning'inia juu ya Kiroka ambako gari halifiki, mjomba wa Raya aliikataa kabla chai haijapoa. Kwa Waluguru wa kule neno la mjomba si dogo. Mtoto ni wa ukoo wa mama, shamba ni la ukoo wa mama, na mwanamume aliyetoka mbali hubaki mgeni hata akijaza nyumba watoto. Aliyemtetea ni mama yake Raya, Bi Mwanvita, mwanamke mfupi ambaye hata mjomba alimwogopa ulimi.

"Huyu mie nimemwona kabla hajajua mie nani," alisema. "Nilikuwa nateremka na kapu langu. Akashuka kwenye baiskeli tangu kule, akaniamkia, akanipokea kapu. Vijana wetu wenyewe wanapita wakitupigia kengele tuwapishe. Huyu anashuka. Mpeni."

Wakampa. Na mwaka huu Raya alipopata mimba ya kwanza, desturi ikataka akajifungulie kwa mama yake, na Luqmani akaingiwa na hofu. Njia ya kule ni ya miguu, masika yalikuwa mlangoni, na mja mzito akizidiwa hushushwa kwa machela juu ya utelezi. Alipanda mwenyewe kwenda kuomba Raya azalie mjini, karibu na hospitali. Mjomba akaguna. Bi Mwanvita akamtetea kwa mara ya pili, kwa sababu ile ile, akaahidi atashuka yeye kuja kukaa na mwanawe hadi mtoto azaliwe. Kwa shukrani Luqmani alimtengenezea miwani ya kuonea mbali, yenye fremu nyekundu aliyoichagua kwa mkono wake.

Basi Jumapili ya kwanza ya usukani wa pembe ikafika. Kundi lilitoka mjini alfajiri, likapita Bigwa, likaanza kuukwea mlima wa Kiroka. Sheria yao ilikuwa moja tu: anayegusa ardhi kwa mguu kabla ya kilele si mwenzao. Luqmani alikuwa nyuma ya Rogers kabisa, tairi kwa tairi, na kifua kilimjaa. Aliwatazama wabeba mkaa waliokuwa wakisukuma baiskeli zao pembeni mwa barabara, ndimi nje, akashangaa jinsi binadamu anavyokubali kuishi kwa mwendo ule.

Kwenye kona aliiona kwanza baiskeli. Ya buluu, imelemewa mikungu ya ndizi kila upande, Shukuru akiizuia kwa mwili mzima isimponyoke mteremkoni. Luqmani akaicheka moyoni. Ilikuwa pale pale ilipostahili kuwa. Kisha akamwona aliyekuwa akiifuata, mwanamke mfupi mwenye kapu kichwani na miwani nyekundu usoni.

Bi Mwanvita alikuwa amekwisha kumtambua. Alisogea kando, akatua kapu, akaikaza khanga yake, akasimama kumngoja ashuke. Hakuwa na wasiwasi wowote.

Kama ungekuwa mteremko, Luqmani angesingizia kasi. Lakini ulikuwa mlima, na baiskeli ilikwenda mwendo wa mtu anayetoka mazikoni. Alikuwa na muda wa kushuka, wa kuamkia, wa kupokea kapu, na hata wa kuuliza hali ya mjomba. Alifikiria vile vyuma kwenye soli. Alifikiria kuyumba na kuanguka mbele ya Rogers. Alifikiria jina la Keria, ambalo asubuhi ile hakuna aliyelitaja. Akashika pembe pale chini kabisa, akalaza kifua, akaikodolea macho tairi ya mbele kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Bosi Luqmani!" Shukuru akapaza sauti. "Mkweo huyu!"

Pedeli zikazunguka. Pindo la khanga likapita pembeni mwa jicho lake, taratibu mno, likabaki nyuma.

"Unamjua yule bibi?" Rogers aliuliza bila kugeuka.

"Muuza ndizi," Luqmani alisema. "Huwa tunanunua kwake."

Alifika kileleni akiwa bado mgongoni mwa Rogers. Rogers akampiga bega, akamwambia, "Leo umekuwa mtu." Luqmani alinywa maji yake na kuyaona yana ladha ya chupa.

Hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alizungukazunguka mjini hadi jua lilipoanza kuinama, akiupiga msasa uongo wake. Alipoingia, Raya alikuwa kwenye kigoda na tumbo lake kubwa, akimenya ndizi, na mama yake ameketi mkekani karibu naye. Luqmani akafungua kinywa kuamkia. Lakini Bi Mwanvita alikuwa amekwisha kuinuka, mtu mzima yule, akakunja goti kidogo, akasema, "Shikamoo, baba."

Kisu cha Raya kikasimama katikati ya ganda. Jibu la salamu ile ni moja, na hakuna mkwe aliyewahi kulitamka mbele ya mama mkwe wake akabaki na uso. Luqmani akaivuta chini fulana yake ya kubana ya baiskeli.

"Mama, kule mlimani... sikukuona. Ule usukani unamwinamisha mtu."

"Yawezekana." Bi Mwanvita alivua miwani, akaifuta kwa pindo la khanga, akaivaa tena. "Mie nilikuona. Miwani yako nzuri sana, nilikuona tangu kule kwenye kona. Na masikio bado hayajataka fundi." Akamsogezea sahani. "Karibu, ule. Muuza ndizi kaleta."

Tangu hapo, kila asubuhi ilianza hivyo. Luqmani akitoka chumbani, kabla hajameza mate, "Shikamoo, baba" imemfikia. Aliamka mapema ili amuwahi. Akamkuta uani na fagio, amekwisha kumuwahi. Alipita mlango wa nyuma. Akamkuta mlango wa nyuma. Muuza maandazi, ambaye hakuna neno lililompita, alimwuliza amezeeka lini, na mbona mvi hazionekani.

"Umemfanya nini mama yangu?" Raya alimwuliza.

"Mwulize mwenyewe."

"Nimemwuliza. Kasema hajafanywa kitu. Kasema amekutana na mtu mkubwa njiani."

Mwisho wa juma Bi Mwanvita akatangaza kwamba Jumatatu watapanda kijijini, yeye na Raya, na mjomba ameshapelekewa habari atayarishe watu wa machela. Hakugomba. Alisema tu kwamba aliambiwa mjini kuna mtu wa kumshukia mwanawe siku ya shida, na yeye amekuja, amemtafuta, hakumwona. Raya hakubisha. Alikunja nguo za mtoto, moja moja, akaziweka kwenye begi lililokuwa mlangoni.

Luqmani alikasirika kwanza, kwa sababu hasira ndiyo rahisi. Salamu moja! Watu wa milimani hawa, kwa salamu moja wako radhi kumpandisha mja mzito kwenye utelezi! Aliwadharau kwa nguvu zake zote, mchana kutwa, akiwa amesimama katikati ya vioo vya duka lake. Lakini kila alipogeuka vile vioo vilimwonyesha mtu mwenye tabasamu la upande mmoja, na hakumpenda.

Jumapili ikaja, akaondoka na kundi kwa sababu nyumbani hapakukalika. Huko Bigwa alikuwapo mgeni, bwana mnene mwenye baiskeli ya usukani mnyoofu na kikapu mbele. Rogers aliitazama, akasema, "Na huyu anakwenda sokoni." Wakacheka. Luqmani aliisikia sauti iliyocheka kabla ya zote na kwa nguvu kuliko zote, na ilikuwa yake. Yule bwana akawa anakifunika kikapu chake kwa mkono, kama mtu anayeficha kiraka cha suruali. Luqmani akageuza baiskeli. Rogers akamwita, kwanza kwa jina lake, kisha kwa lile jingine. Hakusimama.

Alipoingia mtaani kwake alimwona kwa mbali. Bi Mwanvita alikuwa anatoka sokoni, kapu limejaa unga na sabuni na mahitaji ya safari, miwani nyekundu ikimeta juani. Naye alikuwa amemwona. Luqmani akaona midomo yake ikijiandaa kwa ile salamu, akajua kwamba safari hii hatakuwa na pa kuipeleka. Akaamua kushuka tangu kule kule, kama zamani.

Alikaza breki, akavuta mguu. Mguu haukuja. Kwa kiherehere alizungusha kisigino kwa ndani, na chuma kikazidi kunasa. Baiskeli ikasimama wima kidogo, yeye juu yake, wote wawili wakiwa hawana pa kushika, kisha wakaenda chini kwa ubavu katikati ya vumbi, kwa kishindo, mbele ya ndala za mama mkwe wake. Muuza maandazi akapiga yowe, halafu akacheka. Mtaa mzima ukamfuata.

"Shikamoo, mama," Luqmani alisema kutoka chini, baiskeli ikiwa juu yake.

Ilikuwa mara ya kwanza kumuwahi. Bi Mwanvita alimtazama. Aliutazama usukani, akaitazama miguu iliyonaswa, kiwiko kinachotoka damu, na ile fulana ya kubana iliyojaa vumbi. Hakuitikia, wala hakucheka. Vicheko vya watu vikaanza kupungua vyenyewe, na yeye bado anatazama. Kisha akatua kapu kutoka kichwani, akalishika mbele yake kwa mikono miwili, akamnyooshea.

Luqmani hakujaribu tena kuvinasua viatu. Alifungua mikanda yake, akachomoa miguu, akaviacha vimeng'ang'ania pedeli. Akasimama na soksi vumbini, akalipokea lile kapu. Lilikuwa zito kuliko alivyokumbuka, na halikushikika kwa mkono mmoja.

Bi Mwanvita alikuwa amekwisha kugeuka na kushika njia ya nyumbani, ambako begi lilikuwa bado mlangoni. Marahaba hakuitoa. Luqmani akamfuata.

"Baba!" muuza maandazi akamwita kwa nyuma. "Na hii je, nani anaibeba?"

Luqmani alilikumbatia kapu, akaendelea kutembea. Mbele yake, bila kugeuza kichwa, Bi Mwanvita alikuwa akipunguza mwendo.