Kupanda Kilima na Baba Mkwe

Fundi wa miwani alifunga kamba za viatu asubuhi ile akijiuliza amekosa nini hata aadhibiwe kwa kupandishwa kilima na baba mkwe wake.

Habari aliletewa na mumewe, tena akiwa anapiga mswaki, povu la dawa limemjaa mdomoni. "Baba anataka kupanda kile kilima cha jangwani. Amesema uende naye wewe."

"Mimi? Wewe mwanawe una kazi gani?"

"Amesema wewe." Akasukutua, akatema, akafunga bomba. Mazungumzo yakaishia kwenye sinki.

Mzee mwenyewe alikuwa dereva wa malori mstaafu, mrefu, mkavu, mtu wa maneno ya kupimwa. Tangu alipohamia kwao baada ya kufiwa na mkewe, hakuwahi kumtamkia mkwe wake neno baya. Shida ni kwamba hata jema hakumtamkia. Ukimwekea chai mezani, itakaa hapo mpaka ipoe. Ukimwamkia ataitika, lakini macho yatakuwa begani kwako, kana kwamba nyuma yako amesimama mtu wa maana zaidi. Na yale ya dukani ndiyo yaliyomuuma kuliko yote. Chumba alichofanyia kazi, nyuma ya duka la miwani, kilikuwa na mashine ya kusagia lenzi, meza iliyojaa bisibisi ndogo kama za mwanasesere, na dirisha lililotazama mtaani. Mara nyingi alimwona mzee akipita, akampungia mkono, akatabasamu mpaka mashavu yakauma. Mzee akapita kama anayepita nguzo ya umeme.

"Ananidharau," alimwambia mumewe.

"Baba? Hata kidogo."

"Basi nieleze."

Sasa dharau ikitaka kupanda mlima, inataka ikupeleke wapi?

Kilima kilikuwa nyuma ya mji, ukishapita tangi la maji na uwanja wa magari mabovu. Hakikuwa kirefu. Watu walikipanda kwa kufuata njia iliyowekewa mawe yaliyopakwa rangi nyeupe, na kileleni palikuwa na rundo la mawe ambalo kila apandaye huliongezea jiwe lake. Walianza mapema, hewa ikiwa bado baridi, mzee mbele na fimbo yake, yeye nyuma na mkoba wa maji na mkate. Changarawe tu ndiyo iliyokuwa ikizungumza chini ya viatu.

Mahali fulani njia ikakunja kushoto. Jiwe jeupe lilikuwa pale pale, kubwa kama sufuria. Mzee akalipita, akaenda moja kwa moja.

"Baba, njia inakwenda huku."

Akasimama bila kugeuka. "Najua. Ile inazunguka bure. Sisi tunakata."

"Lakini mawe—"

"Mwanangu, mimi nimekata majangwa kabla wewe hujazaliwa."

Angesema nini? Mkubwa wa watu, tena mkwe. Akafuata.

Huko nje ya njia mlima ukawa kitu kingine. Kutoka mjini kile kilima kilionekana kama jino moja. Kumbe kwa karibu kilikuwa taya zima. Walipanda mgongo mmoja wakakuta korongo, wakashuka korongo wakakuta mgongo mwingine unaofanana na wa kwanza kama pacha. Changarawe iliteleza, ukipanda hatua moja, nusu yake unarudishiwa. Jua nalo lilikuwa limekwisha kuamka vizuri. Mzee alikuwa akitembea kwa namna ya ajabu, akigonga kila jiwe kwa fimbo kabla ya kulikanyaga, na mara mbili alikwenda upande wa miiba huku upande wa pili ukiwa mweupe kama uwanja. Fundi akawaza, huyu ananipima? Anataka kuona nitalalamika lini? Au amepotea na hataki kusema? Akaamua kutolalamika. Kisha akabadili mawazo, akaamua kulalamika, lakini pumzi hakuwa nayo.

Hatimaye ardhi ikakoma kupanda. Walikuwa juu.

Hapakuwa na rundo la mawe. Fundi aligeuka autazame mji, akakuta jangwa tupu, la rangi ya ngozi ya ngamia, mpaka mwisho wa macho. Mji umekwenda wapi? Akazunguka polepole, akauona, mkono wa kulia, mahali ambapo kwa hesabu zake ulikuwa hauna ruhusa ya kuwapo. Na ng'ambo ya bonde jembamba kulikuwa na kilele kingine, kirefu kuliko hiki, na juu yake rundo la mawe likiwa limekaa kwa raha zake.

"Baba, tumepanda siko."

Mzee akaketi, akafuta shingo kwa leso. "Pole, mwanangu. Najua ulikitamani sana."

"Alikitamani nani?"

"Wewe. Si ndiwe uliyesema hutaki kupanda na mwingine ila mimi?"

Fundi alimtazama. Upepo ulipita kati yao, ukaondoka zake.

"Mimi niliambiwa wewe ndiye uliyetaka, baba."

"Mimi?" Mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu amjue, kicheko kikavu cha mshangao. "Mimi na magoti haya? Mimi nilikuwa nimejilalia zangu! Mwanangu akaniambia mkwe anakusihi, nikasema, mtoto wa watu hajawahi kuniomba kitu, nitamkatalia vipi?"

Fundi naye akaketi, kila mmoja akitafuta katika kichwa chake mahali pa kuiweka habari hii. Fundi alijiona anataka kukasirika, lakini hasira hazikujua zimwendee nani. Asubuhi nzima alikuwa akimfuata mtu ambaye naye alidhani anamfuata yeye.

"Haya," mzee akasema akiinuka, "madhali tumefika, twende tukaliongeze jiwe. Kilele chenyewe kiko wapi?"

"Kile pale, ng'ambo ya bonde."

"Naam, nakiona." Akainua fimbo akaelekeza kule kwenye jangwa tupu, akapiga hatua.

Alikokuwa akienda hakukuwa na kitu. Mwamba uliishia pale, na chini yake kulikuwa na korongo la kina cha nyumba kadhaa. Fundi hakukumbuka baadaye aliinuka vipi. Alikumbuka tu kitambaa cha shati la mzee kikiraruka mkononi mwake, na wote wawili wakianguka kwa nyuma juu ya changarawe, na fimbo ikigonga mwamba, ikigonga tena chini, kisha kimya.

Walilala pale wakihema. Aliyekuwa akisaga lenzi za mji mzima aligeuza uso wa mzee kwa mikono miwili, bila adabu ya ukwe, akamwelekeza kwenye mwanga. Katikati ya mboni zote mbili palikuwa na ukungu, mweupe kama maziwa yaliyomwagwa kwenye maji.

"Baba, unaniona?"

"Naona kuna mtu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya harusi yenu. Nilikuogopa zaidi wewe, maana ndiyo kazi yako. Nilijua ukinitazama vizuri utajua."

"Huu ni mtoto wa jicho, baba. Unaondolewa."

"Mtoto tena? Nilionao wananitosha. Huyu mmoja ametutupa jangwani."

Fundi alianza kucheka, na kabla hajamaliza alikuwa analia, na hakujua ni kipi kati ya viwili alichokusudia. Chai zilizopoa. Dirisha la dukani. Yeye, mtu wa macho, alikuwa ameishi nyumba moja na mtu asiyeona, akamwita mwenye dharau.

Kushuka alitangulia yeye, mzee ameshika mkanda wa mkoba. "Jiwe la kukalia, kulia kwako. Sasa mchanga. Sasa shuka, goti zima." Makorongo yote yalifanana, na lile alilolichagua liliwatoa upande wa pili wa kilima kabisa, kwenye barabara ya machimbo ya kokoto ambayo hakuwahi kujua kwamba ipo. Maji yalikuwa yamekwisha. Wakaketi kivulini mwa tanuri bovu la lami mpaka lori likapita, na mzee, kwa kusikia tu mlio wa injini, akasimama akamwambia dereva gia yake ya pili inakaribia kufa. Dereva akawapandisha.

Usiku mume alipoulizwa hakukana. "Mlikuwa mnakula kila mtu saa yake. Nikasema mkirudi mtakuwa mmezungumza au mmeuana, na lolote litakuwa afadhali." Mkewe alimtupia kiatu kilichojaa changarawe, kikampata begani. Kisha akamweleza yote, ingawa ndani ya lori mzee alimwomba asiseme. Mpaka leo hajui kama alifanya vema.

Mzee alinuna wiki nzima. Hakula naye, hakuitikia salamu, na safari hii ilikuwa dharau ya kweli. Lakini alipoitwa hospitali kufanyiwa upasuaji wa macho alikwenda, na bandeji ya jicho la kwanza ilipofunguliwa, muuguzi alimsogeza mkwe mbele. Mzee alimkazia macho muda mrefu, kutoka kitambaa cha kichwani mpaka viatu.

"Samahani, mama," akasema kwa heshima, "wewe ni nani?"

Ikabidi azungumze ndipo amtambue.